Kiwanja cha shabaha nyuma ya shamba: Hesabu ambayo mkulima wa Kibondo hajaifanya

MAHINDI yakianza kubeba katika vijiji vya Kibondo na Kasulu, mkulima hana mchana wala usiku. Mchana anakimbizana na nyani na ngedere, usiku anakesha kibandani akiwasubiri nguruwe pori. Watoto wanakosa shule, mama analinda upande mmoja wa shamba na baba upande mwingine, na bado asubuhi kuna mistari mitatu iliyolala chini.

Ndiyo maana katika nyanda za juu za Kigoma bunduki haijawahi kuwa chombo cha starehe. Kwa wachache wenye leseni ni zana ya shamba, sawa na jembe na panga, ingawa hutoka ndani mara chache zaidi.

Na ndiyo maana pia mwenye shotigani na ekari zake sita jirani na Nduta, baada ya kukosa nguruwe watatu kwa msimu mmoja, hufikia wazo ambalo kwake ni la busara kabisa. Atenge kipande nyuma ya nyumba, alundike udongo, asimamishe debe tupu, ajifunze kulenga. Ardhi ni yake, bunduki ina leseni, risasi kanunua kwa fedha yake. Nani atamuuliza?

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mtu anayefyatua bunduki mara mbili kwa mwaka, tena gizani na huku mkono unatetemeka, ni hatari kuliko nyani aliyemfuata. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inamtaka mwombaji wa leseni awe na cheti cha umahiri wa kutumia silaha. Umahiri ni kama kuendesha baiskeli mlimani: usipofanya mazoezi, unaanguka.

Tatizo lipo kwenye hesabu. Kiwanja cha shabaha kinakula ardhi ambayo mwenye nacho haioni, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo si yake.

Robo ekari inayokula ekari 15

Mkulima akipima kiwanja anapima anachokiona. Urefu wa mita 50 kutoka anaposimama hadi kwenye tuta, upana wa mita 20. Hiyo ni mita za mraba 1,000, yaani robo ekari. Kwa mwenye ekari sita, robo ekari ni gunia mbili au tatu za mahindi. Si hasara ya kumnyima mtu usingizi.

Lakini risasi haisomi mpaka wa shamba. Goroli kubwa za shotigani, zile za kuulia nguruwe, zikipita juu ya tuta zinaweza kufika umbali wa mita 500 hadi 600. Risasi ndogo ya raifo ya .22, ambayo wengi huiona kama ya kuchezea, inavuka kilomita moja na nusu. Raifo kubwa za kuwindia hupeleka risasi kilomita nne na zaidi.

Sasa chukua penseli. Mpigaji akikosea nyuzi kumi tu kushoto na nyuzi kumi kulia, eneo la hatari mbele yake linakuwa na umbo la kipande cha chapati. Kwa goroli za mita 600 kipande hicho kina ukubwa wa ekari 15 na nusu. Kwa risasi ya .22 ni ekari 97. Kwa raifo ya kilomita nne ni ekari karibu 690, na hapo hesabu inatoka nje ya kitongoji na kuingia kitongoji kingine.

Kwa maneno mengine, mwenye ekari sita anajenga kiwanja cha robo ekari na kuwabebesha majirani hatari ya ekari 15, bila kuwalipa wala kuwauliza. Katika uchumi hiyo ni gharama inayolipwa na mtu ambaye hakuinunua. Kijijini ina jina fupi zaidi: ugomvi.

Nchini Marekani, ambako desturi ya kuwa na kiwanja cha shabaha shambani ni ya kawaida, sensa ya kilimo ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wastani wa shamba moja ni ekari 463. Mtu wa huko anaweza kukosea na risasi ikabaki kwake. Picha za viwanja vile zinafika Kibondo kwa simu ya mkononi. Ekari zile hazifiki.

Pori si tupu

Mwenye shamba atajibu kwamba nyuma yake hakuna jirani, kuna pori tu. Jibu hilo husikika sana, na ndilo la hatari kuliko yote.

Pori la miombo la Kibondo lina watu kila saa ya mchana. Kuna wanawake wa kuni. Mvua zikinyesha kuna watoto wa uyoga. Kuna warina asali wanaokagua mizinga yao, na Kibondo ni wilaya ya asali. Kuna wachungaji. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayetembea na filimbi.

Kwa Nduta jambo hili lina uzito wa pekee. Kambi ya wakimbizi ya Nduta, iliyokuwa imefungwa baada ya Warundi wa wimbi la miaka ya 1990 kurejea kwao, ilifunguliwa tena Oktoba 2015. Maelfu kwa maelfu ya watu waliingia katika eneo ambalo wenyeji walizoea kuliita pori. Nishati ya kupikia ilikuwa kuni, na kuni zilifuatwa nje ya kambi, kila mwaka mbali zaidi kidogo. Njia zilizokanyagwa wakati huo zinapita nyuma ya mashamba ambayo mwenyewe anaamini nyuma yake hakuna mtu.

Kuna jambo la pili ambalo mtu wa Dar es Salaam anaweza asilielewe. Mlio wa bunduki Kibondo hautafsiriwi kama mlio wa bunduki Arusha. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi Oktoba 1993 na vita vilivyofuata, silaha zilivuka mpaka pamoja na watu. Wapo wanaokumbuka mabasi ya Kasulu na Kibondo yakisafiri yakiwa yamesindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa barabarani. Kwa watu hao milio minane mfululizo jioni ya Jumamosi ina maana moja tu: funga mlango, zima taa, mpigie mtendaji. Polisi nao watakuja wakiwa tayari kwa jambazi, si kwa mkulima mwenye debe.

Gharama ya tuta

Tuseme hata hivyo mwenye shamba amepata ridhaa ya majirani wote. Bado kuna gharama ya ujenzi, na hapa wengi hujidanganya kwa kutumia kichuguu.

Kichuguu ni ukuta mbaya. Wakati wa kiangazi kinakuwa kigumu kama tofali lililochomwa, na goroli ikigonga kwa pembe inarudi au inaruka pembeni. Kilima chenye changarawe nyekundu, ambacho Kasulu kipo kila upande, kina tatizo hilo hilo. Tuta la kweli ni la udongo laini usio na mawe, hasa nusu mita ya juu inayopokea risasi, na uso wake lazima uwe wima kiasi cha kuifanya risasi izame badala ya kupanda.

Tuta la urefu wa mita nne kwenda juu, upana wa mita 10, lenye kichwa cha mita moja na miteremko ya nyuzi 45 mbele na nyuma linahitaji mita za ujazo 200 za udongo. Hizo ni safari 40 za lori dogo la mita tano. Kwa jembe, sepetu na toroli, mtu mmoja akichimba na kupeleka mita mbili na nusu kwa siku, ni siku za kazi 80.

Kila mtu aweke ujira wa kijijini kwake. Ukiwa Sh8,000 kwa siku, tuta peke yake ni Sh640,000. Gunia la mahindi likiuzwa Sh60,000, tuta limekula gunia karibu 11, yaani mavuno ya ekari moja ya mkulima wa kawaida. Hapo hajajenga mabango ya tahadhari, hajaweka uzio wa kuzuia watoto, hajanunua risasi hata moja.

Na tuta halikai. Mvua za Kigoma huanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hadi Mei. Udongo uliolundikwa bila majani unashuka, na kila sentimita inayoshuka inafungua dirisha juu ya tuta. Itabidi lipandwe majani na kufanyiwa ukarabati kila mwaka. Majani hayo, ikumbukwe, asilishwe ng'ombe.

Sababu ya onyo hilo imo ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili kinaiita risasi kwa jina la madini yaliyoitengeneza. Risasi moja ya shotigani ya kawaida hubeba gramu 32 hivi za madini hayo. Watu 10 wakipiga risasi 25 kila mmoja kwa mwaka, tuta linapokea kilo nane. Kwa miaka 10 ni kilo 80 katika lundo moja la udongo.

Udongo wa sehemu kubwa ya nyanda hizi una tindikali, na udongo wa tindikali huyeyusha risasi kwa urahisi zaidi. Maji ya mvua huteremka bondeni. Bondeni ndiko kwenye kisima, na ndiko maharage na mboga za kiangazi hulimwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa ubongo. Mji wa Kabwe nchini Zambia ulifunga mgodi wake wa risasi mwaka 1994, na watoto bado wanapimwa damu hadi leo. Tuta la kijijini si mgodi, lakini kisima cha kijijini nacho ni kimoja tu.

Anachohitaji mkulima hasa

Swali ambalo halijaulizwa ni hili: huyu mkulima anataka kujifunza nini?

Nyani huja mchana, kwa kundi, na ana macho makali. Akiona mtu na bunduki anasimama mbali kuliko bunduki inavyofika. Kumpiga mmoja hulifukuza kundi kwa siku kadhaa, kisha linarudi upande mwingine wa shamba. Dhidi ya nyani faida ya shabaha nzuri ni ndogo kuliko watu wanavyoamini. Kufyeka kichaka kinachopakana na shamba, ili nyani alazimike kuvuka eneo la wazi, pamoja na majirani kupanda kwa wakati mmoja, kunaokoa mahindi mengi zaidi kwa kila shilingi.

Nguruwe pori ni mwingine. Huja usiku, na hupigwa kwa umbali wa mita 20 au 30. Kwa umbali huo goroli za shotigani zimesambaa kiasi cha sentimita 60 hadi 80. Hapo ustadi wa kulenga debe kwenye mita 100 hauna kazi. Kinachotakiwa ni kuishika silaha salama gizani, kujua nani yuko kwenye kibanda cha pili, kutofyatua kwenye majani yanayotikisika, na kuitoa risasi ndani ya bunduki kabla ya kurudi nyumbani. Mambo hayo hayafundishwi na tuta. Yanafundishwa na mwalimu.

Kwa upande wa magobore ya kienyeji hakuna hata cha kujadili. Bomba lililochomelewa, baruti ya kukisia na vipande vya nondo havina shabaha ya kuboreshwa, na mara nyingi hayana leseni. Serikali imetangaza zaidi ya mara moja vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Mwenye gobore asubiri tangazo kama hilo na alipeleke, maana likimpasukia mkononi hakuna kanuni ya kumfidia.

Kuhusu fidia, inafaa kusema jambo moja kwa haki. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi ziliweka kiwango cha juu cha Sh100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano, na fikra zake zilikuwa kwa wanyama wakubwa kama tembo na kiboko. Mkulima wa jirani na Pori la Akiba la Moyowosi anaweza kuona maana yake. Mkulima aliyeliwa na nyani na nguruwe haoni. Anapoitafuta bunduki anaziba pengo ambalo wengine wameliacha wazi, na kumwambia aache tu bila kumpa njia nyingine ni kumdharau.

Njia iliyopo karibu

Wapo wanaosema kiwanja kitajilipa kwa kutoza ada wageni. Hoja hii ni dhaifu. Wageni wenye fedha waliojaa Kibondo katika miaka ya wakimbizi walikuwa watumishi wa mashirika ya misaada, na mashirika hayo yana msimamo mkali wa kutokaribia silaha. Wenye leseni vijijini ni wachache na wametawanyika. Biashara ya wateja wachache wanaokuja mara mbili kwa mwaka haiwezi kulipa siku 80 za kazi.

Kinachowezekana ni kimoja kwa wengi, na kwa bahati mkoa huu una pa kuanzia. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, ofisa wa jeshi ambaye kazi yake ni kufundisha raia, na mafunzo ya mgambo humalizikia kwenye kulenga shabaha. Kasulu kuna kikosi cha JKT cha 825 Mtabila, kwenye eneo lililokuwa kambi ya wakimbizi hadi mwaka 2012. Upande wa Kakonko, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kibondo, kuna 824 Kanembwa. Walimu wa shabaha wapo, nidhamu ipo, na wakazi wa maeneo hayo wameshazoea kuarifiwa kabla ya milio.

Wenye leseni wa wilaya moja wakijisajili kama kikundi na kuomba siku mbili kwa mwaka chini ya usimamizi wa Mshauri wa Mgambo na Mkuu wa Polisi wa Wilaya, hawahitaji tuta jipya. Watu 20 wakichanga Sh30,000 kila mmoja wanapata Sh600,000, pungufu ya gharama ya tuta moja la nyuma ya nyumba, na fedha hiyo inalipa nauli, chakula na mwalimu. Zaidi ya hapo polisi wanapata nafasi ya kuziona silaha zote mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo leo wanalifuata nyumba kwa nyumba.

Pingamizi linatabirika. Jeshi litasema kiwanja cha jeshi si cha raia. Lakini mgambo ni raia, na wamefundishwa na jeshi miaka yote. Kama jibu litabaki kuwa hapana, kuna njia ya pili ambayo ni ghali kidogo: mashimo ya kifusi yaliyoachwa na wajenzi wa barabara. Shimo lenye kuta tatu za udongo tayari limefanya kazi kubwa ya tuta. Linahitaji ukuta wa mbele ufunikwe udongo uliochekechwa, maji yatolewe, na liwe mbali na kisima. Ardhi hiyo ni ya kijiji, kwa hiyo uamuzi ni wa mkutano mkuu wa kijiji na si wa mtu mmoja mwenye bunduki. Asiyependa atasimama na kusema, na wale wa kuni watajua siku na saa.

Kwa yeyote ambaye bado anataka cha kwake, asianze na jembe. Aanze na Mkuu wa Polisi wa Wilaya na halmashauri ya kijiji, apate jibu la maandishi kutoka kote kuwili, kisha apime mita 600 nyuma ya mahali pa tuta kwa miguu yake mwenyewe, siku ya soko na siku isiyo ya soko, ahesabu watu anaokutana nao. Akifika kumi ana jibu lake.

Suala la muda nalo si dogo. Julai na Agosti maharage yameuzwa na fedha ya kuchanga ipo mfukoni. Barua kwa Mshauri wa Mgambo ikiandikwa wakati huo, mafunzo yanaweza kufanyika Septemba, ardhi ikiwa kavu na mashamba yakiwa hayana kitu cha kulinda. Ikiachwa hadi Februari, nguruwe watakuwa wameingia kwenye mahindi, na hakuna mwenye shotigani atakayekubali kuliacha shamba usiku mmoja kwa ajili ya safari ya Mtabila.